Muteesa wa Kwanza: Kabaka aliyeiacha nyumba yake iwe kaburi la ufalme

Kilima cha Kasubi kiko umbali wa kilomita tano hivi kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji la Kampala. Juu yake imesimama nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, Muzibu Azaala Mpanga. Ndani yake wamezikwa wafalme wanne wa Buganda. Aliyeijenga, Kabaka Muteesa wa Kwanza, aliijenga awe anaishi humo na kutawala kutoka humo. Miaka miwili baadaye akazikwa ndani yake, na tangu siku hiyo Waganda, yaani watu wa Buganda, wamekuwa na kazi isiyokwisha: kuitunza nyumba ambayo ni kaburi na ambayo pia ni mahali pa kukutania walio hai.

Muteesa alizaliwa mnamo mwaka 1838, mwana wa Kabaka Ssuuna wa Pili na mama aliyeitwa Muganzirwazza. Jina lake la ujanani lilikuwa Mukaabya, jina lenye maana ya mtu anayewaliza wengine. Hakuwa mwana aliyetarajiwa kurithi. Ssuuna alipofariki mwaka 1856, akitoka vitani, walikuwapo wana wengine wenye umri mkubwa na nguvu zaidi. Ni Katikkiro, waziri mkuu wa baba yake, aliyeitwa Kayiira, ndiye aliyempitisha kijana huyo, pengine akidhani kwamba mfalme asiye na watu wake angekuwa mwepesi wa kuongozwa. Hesabu hiyo haikutimia. Mukaabya akawa Kabaka wa 30, na baadaye akajulikana kwa jina la Muteesa, linalotokana na neno la Kiganda la kushauriana barazani.

Majina hayo mawili yote yalimfaa. Miaka ya mwanzo ya utawala wake ilijaa damu, kama ilivyokuwa desturi ya ufalme kuwaondoa wapinzani na kuwatisha waliobaki. Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwake Februari 1862 katika makao ya Banda, alimkuta kijana mrefu, nadhifu, mwenye kupenda heshima na bunduki, katika ikulu ambamo watu, wanawake wakiwamo, walipelekwa kuuawa kwa makosa madogo. Simulizi yoyote ya maisha yake inayoruka sehemu hii itakuwa inamsifu tu badala ya kumsimulia.

Mji uliohama na mfalme wake

Ili kuelewa uzito wa jambo lililotokea Kasubi, ni lazima kujua jinsi makao ya Kabaka yalivyokuwa kabla yake. Mji mkuu wa Buganda haukuwa mji wa mawe. Ulikuwa kilima kizima cha nyumba za nyasi na nyua za matete, zenye barabara pana zilizonyooka kutoka lango la ikulu kuelekea majimboni, na kila chifu akiwa na kiwanja chake upande wa barabara inayoelekea kwenye eneo lake. Mfalme alipofariki, mji ulihama. Hata alipokuwa hai uliweza kuhama, kwa sababu ya moto, maradhi au shauri la waganga. Muteesa mwenyewe alikaa Banda, akahamia vilima vingine, na akakaa Rubaga, ambako wageni wengi wa miaka ya 1870 walimkuta.

Kilichobaki kilimani baada ya kifo cha mfalme ni makumbusho yake. Lakini hata hayo yaligawanyika. Desturi iliamuru mfupa wa taya wa Kabaka utolewe, upambwe na kuhifadhiwa katika nyumba yake maalumu, kwa sababu roho ya mfalme iliaminika kukaa humo. Mwili ulizikwa mahali pengine, bila heshima kubwa kama ile ya taya. Kila mfalme alikuwa na mahali pake, na nyumba hizo, ziitwazo masiro, zilitapakaa katika eneo la Busiro, lililopata jina lake kutokana nazo. Katika kila nyumba alikaa dada wa kifalme, waziri na wajane, wakiendesha baraza dogo kana kwamba mwenyewe bado yupo. Kwa Waganda, Kabaka hafi. Husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika, na kwamba mfalme ameingia msituni.

Kwa hiyo ufalme ulikuwa na makaburi mengi yaliyotawanyika, na mji mmoja usiotulia. Muteesa ndiye aliyeanza kubadili hali hiyo, ingawa si lazima awe alikusudia yote yaliyofuata.

Kiswahili katika baraza la mfalme

Wafanyabiashara kutoka pwani walikwisha kufika Buganda tangu enzi za baba yake, katika miaka ya 1840, wakileta nguo, shanga na bunduki, na kuondoka na pembe za ndovu na watumwa. Pamoja na bidhaa walileta dini na lugha. Muteesa alizipokea zote kwa hamu. Alijifunza Kiswahili hadi akazungumza na wageni bila mkalimani, akajifunza kusoma Kiarabu, akavaa kanzu na kilemba, akawaamuru maofisa wake wasalimiane kwa salamu za Kiislamu. Kuanzia mwaka 1867 alifunga mwezi wa Ramadhani, na akaendelea kufunga kwa takriban miaka kumi. Msikiti ulijengwa kwenye makao yake, na wajumbe wake wakasafiri hadi Unguja na zawadi kwa Sultani.

Jambo hili hutajwa mara chache, nalo linastahili uzito: mazungumzo ya kwanza kuhusu Mungu mmoja, ufufuo na maisha baada ya kifo katika ikulu ya Buganda yalifanyika kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Henry Morton Stanley alipofika Aprili 1875 na kumweleza Kabaka habari za Ukristo, Kiswahili kilikuwa daraja kati yao. Alipoondoka alimwacha kijana aliyelelewa na wamisionari wa Unguja, Dallington Maftaa, aendelee kumsomea mfalme maandiko. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Juni 1877, Alexander Mackay akafuata mwaka 1878, na mapadri wa Kikatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879. Masomo yao ya mwanzo yalitumia vitabu vya Kiswahili kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake.

Lakini Muteesa hakuwa mwanafunzi mpole. Hakutahiriwa, kwa kuwa desturi ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Vijana wa ikulu walioishika dini kwa dhati walianza kukataa kula nyama iliyochinjwa kwa amri yake na kusali nyuma ya asiyetahiriwa. Mwaka 1876 aliagiza wauawe. Makumi ya Waislamu walikufa Namugongo, miaka kumi kabla ya Wakristo waliouawa mahali hapo hapo na mwanawe Mwanga. Mashahidi hao Wakristo wanajulikana duniani kote. Wale wa kwanza wanakumbukwa zaidi na jamii ya Waislamu wa Uganda.

Wageni wengi walimwona Muteesa kama mtu kigeugeu, leo Mwislamu, kesho mwenye kuomba walimu wa Kikristo, keshokutwa akirudi kwa mizimu ya mababu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kaskazini, Misri ilikuwa ikipanua himaya yake kufuata mto Nile, na mwaka 1876 kikosi cha askari wake kilifika hadi makao makuu ya Buganda. Muteesa aliwaweka mahali alipoweza kuwatazama, hadi mjumbe wa Misri, Emin, alipokuja kuwaondoa kwa mazungumzo. Akiwa na Unguja upande wa mashariki, Misri upande wa kaskazini na Wazungu wakibisha hodi, Kabaka alimkaribisha kila mmoja ili asimezwe na yeyote. Mwaka 1879 alituma wajumbe watatu hadi Uingereza, nao wakapokewa na Malkia Victoria. Katika uhai wake Buganda haikutawaliwa na mtu kutoka nje.

Mama anazikwa, nyumba inajengwa

Mwili wake haukuwa na nguvu kama siasa zake. Kwa miaka mingi aliugua, akitibiwa na wamisionari, na tiba zao ziliposhindwa akawageukia wa zamani. Mwishoni mwa mwaka 1879 aliitwa ikulu mjumbe wa Mukasa, mzimu wa ziwa Nyanza, jambo lililomuudhi sana Mackay na kumfanya asikike akipinga hadharani. Mfalme hakupona.

Mwaka 1882 mama yake, Muganzirwazza, alifariki. Mazishi yake yanasema mengi kuhusu mawazo ya mwanawe wakati huo. Muteesa alitaka azikwe kwa namna ya nchi yake na kwa namna ya wageni pia, na ipite zote mbili kwa ukubwa. Mackay, aliyekuwa fundi stadi, aliagizwa kutengeneza masanduku matatu, moja ndani ya lingine. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa na mafundi wengi wa ikulu. Kaburi lilichimbwa kama shimo la msingi wa jengo, kisha likajazwa nguo za ng'ambo na vitambaa vya gome la mti, mali iliyokusanywa kutoka kila jimbo. Muganzirwazza alizikwa ndani ya jeneza.

Mwaka huo huo ndipo nyumba kubwa ya Kasubi ilipojengwa. Baba yake alikuwa na makao kwenye kilima hicho, kiitwacho pia Nabulagala, na Muteesa aliyabomoa ili kujenga yake. Ilikuwa nyumba ya mviringo, yenye paa la nyasi linaloanza kileleni na kushuka mpaka karibu na ardhi. Nyumba kama ilivyojulikana katika karne iliyofuata ina upana wa mita 31 na urefu wa mita 7.5 kwa ndani. Ndani ya paa zimefungwa pete za matete 52, kila moja ikiwakilisha ukoo mmoja wa Buganda. Nguzo zimevikwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Sakafu imetandikwa nyasi na mikeka.

Ukubwa wake haukuwa wa kujionyesha peke yake. Nyumba ya Kabaka ilikuwa ukumbi wa nchi, mahali ambapo wakuu walikaa chini, kesi zikasikilizwa na habari za vita zikaletwa. Njia ya kuifikia nayo ilipangwa: mgeni hupitia nyumba ya lango, Bujjabukula, akapita ua mdogo wenye nyumba ya ngoma za kifalme, Ndoga-Obukaba, ndipo akaingia ua mkuu uliozungushiwa uzio wa matete na nyumba ndogo za wake wa mfalme, nyumba kuu ikimkabili mbele. Hata ujenzi wenyewe uligawiwa koo. Watu wa ukoo wa Ngeye ndio wenye haki ya kuezeka, na wa ukoo wa Ngo ndio wapambaji. Hivyo nyumba haikuwa mali ya mfalme peke yake hata siku ilipokuwa mpya.

Muteesa alifariki Oktoba 1884. Kinyume cha ilivyozoeleka, kifo chake hakikufuatwa na mauaji makubwa ya kugombea kiti. Mwanawe Mwanga, kijana asiyetimiza miaka ishirini, alitawazwa. Kisha likatokea jambo la pili lisilo la kawaida: taya la marehemu halikutolewa. Alizikwa mwili mzima, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ni vigumu kutolihusisha uamuzi huo na miaka ishirini ya mazungumzo na Waislamu na Wakristo, ambao dini zao hazikubali maiti igawanywe. Wakati huo huo, hakuzikwa msikitini wala kanisani. Wajane walibaki, dada wa kifalme akashika nafasi yake, pazia la gome la mti likatundikwa kuficha kaburi, na upande wa nyuma wa pazia ukaitwa msitu, kama mila ilivyotaka. Mambo ya kigeni na ya nyumbani yalikaa chini ya paa moja, na katika maisha yake yote hajapata kuyaweka pamoja kwa utulivu kama huo.

Mmoja akawa wanne

Kama mambo yangeishia hapo, Kasubi ingekuwa kaburi jingine tu katika orodha ya masiro. Mwanga alihamishia makao yake Mengo. Akapigana na Waingereza, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mabaki yake yaliporudishwa mwaka 1910, hayakujengewa nyumba yake. Yalizikwa kando ya baba yake. Hatua hiyo ndiyo iliyoibadili kabisa maana ya jengo, kwani nyumba ya mfalme mmoja ikawa nyumba ya ukoo wa kifalme. Daudi Chwa, mjukuu wa Muteesa, alizikwa humo mwaka 1939. Kitukuu, Edward Muteesa wa Pili, rais wa kwanza wa Uganda, alifukuzwa katika ikulu yake mwaka 1966, akafariki London mwaka 1969, na mwili wake ukarejeshwa mwaka 1971 na kulazwa karibu na mababu. Nyuma ya nyumba kuu, wana na mabinti wa kifalme wamepata makaburi yao, na mashamba yanaendelea kulimwa katika sehemu kubwa ya eneo hilo la karibu hekta 27.

Falme zilifutwa kisheria mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993. Katika miaka hiyo 26 Buganda haikuwa na ikulu, baraza wala Kabaka aliyetambuliwa na serikali. Kasubi ilibaki na watunzaji wake. Ndipo ilipoonekana faida ya kaburi lililojengwa kama ukumbi: watu walikuwa na mahali pa kukaa chini pamoja, wakiwa wamevua viatu, mbele ya mikuki na picha za wafalme, na hakuna aliyelazimika kuliita kikao cha siasa.

Nyumba yenyewe haikuganda. Nyasi huoza, na paa linahitaji kurudiwa mara kwa mara. Matengenezo makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1930 yaliingiza chuma na zege ndani ya nguzo, kisha vikafunikwa kwa gome la mti hivi kwamba mgeni hakuviona. Shirika la UNESCO lilipoiweka Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lilikuwa linatambua ustadi unaorithishwa mkono kwa mkono kuliko umri wa nyasi zilizokuwepo siku hiyo.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea. Asubuhi iliyofuata maelfu walikusanyika kilimani, wengi wakilia. Rais Yoweri Museveni alipofika, umati ulijaribu kumzuia, askari wakafyatua risasi na watu wakauawa. Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili naye alifika kuyaona majivu. Makaburi yenyewe hayakuharibiwa. Miezi michache baadaye Kasubi iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kujenga upya kulileta maswali ambayo Muteesa hakuwahi kuulizwa. Fundi ajengeje nyumba ya nyasi isiyoungua katikati ya jiji, juu ya makaburi yasiyoweza kuguswa, ikiwa kila koo ina sehemu yake katika kazi na sehemu nyingine za ibada hazionyeshwi kwa mtu wa nje? Wataalamu wa majengo walipaswa kusubiri wazee wa mila, na wazee wa mila walipaswa kukubali mitambo ya kuzimia moto, iliyogharimiwa kwa msaada wa Japani kupitia UNESCO. Kazi iliyodhaniwa na wengi kuwa ya miaka michache ilipita muongo mmoja. Wengi walinung'unika, na walikuwa na haki. Lakini jengo ambalo waezekaji wake huchaguliwa kwa ukoo haliwezi kuharakishwa kwa zabuni, na kuharakisha kungewaondolea Waganda sehemu yao katika nyumba hiyo.

Pete 52 zilirudishwa kwenye paa, na watu wa Ngeye wakaezeka kama walivyoezeka kwa Muteesa. Septemba 2023, katika mkutano uliofanyika Riyadh, kamati ya urithi wa dunia iliiondoa Kasubi katika orodha ya hatari. Nyuma ya pazia la gome la mti, Muteesa bado amelala pamoja na mwanawe, mjukuu wake na kitukuu chake.